Dirisha Namba Nne

Miaka kumi na mmoja nimekaa nyuma ya kioo hiki
chenye tundu la sauti, usawa wa kidevu changu nikiketi,
na chini yake mwanya bapa wa kupitishia pesa.
Ukitaka kusikiwa, huna budi kuinama.
Sikuliona hilo kuwa ni neno
mpaka mwaka huu.

Dola thelathini na mbili, senti hamsini.
Nimeyatamka hayo kuliko jina la mke wangu.
Gretchen anasema hata usingizini huyataja,
kwa upole, kama mtu atoaye pole msibani.

Januari alikuja Wendell Aukerman, barafu ndevuni,
fundi bomba hadi mgongo ulipomgeuka.
Analala chini ya kanisa la Walutheri,
kitanda cha kukunja, mlango hufungwa saa moja jioni.
Hoteli ya kando ya ziwa ilimwahidi kuosha vyombo;
ilitaka kadi tu, mwisho Ijumaa.
Akaimimina soksi kaunta, ikalia.
Tukahesabu, yeye kwa kidole, mimi kwa jicho:
ishirini na tisa, na senti kumi.
"Haitoshi," nikasema.
Neno moja. Kioo hakikupata hata ukungu.

Koti langu lilining'inia nyuma yangu, pochi ndani.
Kanuni ya kumi na saba: karani hamlipii mteja.
Nikajificha nyuma ya kanuni
kama mtoto nyuma ya pazia,
miguu yote nje.

Na Bibi Aune Toivonen, miaka themanini na mmoja,
aliyezaliwa jikoni, kambi ya wakata magogo,
mkunga akiwa shangazi yake, cheti hakuna.
Nikamuuliza, kwa mujibu wa fomu,
kama anao uthibitisho wa kuzaliwa.
Akanitazama kitambo.
"Mimi hapa," akasema.
Fomu haina kisanduku cha jibu hilo.

Kadi yenyewe ni kiplastiki, nyepesi kuliko kitana.
Lakini bila hiyo hupewi kifurushi posta,
hupangi chumba, mfamasia anarudisha dawa rafuni,
na polisi akikukuta benchi la bustani
jina lako ni "Wewe."

Kisha bunge la jimbo likapiga kura.
Usiniulize nani alimshawishi nani;
mimi nililetewa karatasi na utepe wa gundi.
Asiye na makazi. Aliyetoka gerezani.
Anayekula kwa kuponi. Mzee asiye na kitu.
Barua ya kanisa yatosha, au ya mlinzi wa makazi.
Ada imefutwa kuanzia Jumatatu.
Nikaibandika. Kona moja ikakataa kushika.

Mashine nayo haikuamini.
Niliandika sifuri, ikauliza: Una hakika?
Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena.

Wa kwanza alikuwa msichana, Darnisha Colquitt,
siku nne tangu atoke ndani,
vitu vyake kwenye mfuko wa wavu wa gereza.
"Kiasi gani?" akauliza, ameinama.
Ulimi wangu, punda wa njia moja, ukaanza: "Dola thela..."
Nikaukamata.
"Sifuri."
"Sifuri na senti ngapi?"

Sikucheka. Nilimwelekeza kwenye kamera.
Alijisawazisha nywele kwa mate,
akauliza kama anaruhusiwa kutabasamu.
Kanuni inasema uso uwe mtulivu.
Nikamwambia: tabasamu.

Jumatano jioni nilikwenda kanisani na fomu mfukoni.
Kitanda cha Wendell kina mtu mwingine.
Aliondoka Februari, walisema, kwa miguu,
akifuata barabara kuu kuelekea kusini;
hoteli ilikwisha ajiri mwingine, mwenye kadi.
Fomu ninayo bado. Nimejaza jina lake
na rangi ya macho, ambayo naikumbuka,
na hilo lenyewe linanishangaza.

Sasa kila mlango ukifunguka na baridi ikaingia
ninainama, mimi,
mpaka usawa wa mwanya wa pesa,
nione ni viatu vya nani.