Gwaride la Utambulisho, Newala

Somoe Nalinga alinyoosha kidole, hakusita.
"Yule. Wa tatu. Macho yale siyasahau."
Nami karani nikaandika: shahidi ana uhakika,
nikapigia mstari.

Usiku ule, kwenye ghala la korosho,
tochi ilimmulika yeye, mwizi alikuwa nyuma ya mwanga.
Panga alilikumbuka vizuri:
mpini uliofungwa mpira wa baiskeli,
hadi kutu ya nchani.
Uso aliupata wapi?

Bakiri Chitanda amekaa Lilungu miaka minne.

Juzi akaja mtafiti wa saikolojia, binti wa Kitangari,
akatuonesha mkasa wa dakika moja ukutani,
mahakimu, askari, sisi makarani,
kisha akauliza: shati la mwizi?
Jekundu, nikasema. Ningeapa.
Mwizi alikuwa kifua wazi.

"Mnadhani kumbukumbu ni kabati," akasema.
"Ni ugali. Kila ukitaka kula unasonga upya,
na anayekuuliza naye kashika mwiko."

Sasa hakimu wetu akisikia "nina uhakika" hatulii.
Hatua ngapi? Taa gani? Sekunde ngapi?
Nani alikuonesha picha kabla ya gwaride?
Kesi zinakwenda polepole. Askari wananuna.

Somoe bado hupita dirishani kwangu na kapu la ming'oko.
"Ndiye yule," huniambia, sijamuuliza.
Hasemi uongo.
Kausonga uso ule miaka minne,
umeiva.

Jana nimelifungua jalada.
Mstari wangu umenyooka, nilitumia rula.