Baridi ya Chumvi

Walikuja Juni, malori matatu,
na mtu wa kofia ya majani aliyeitwa mwongozaji,
ambaye hakuongoza ng'ombe wala trekta.
Alituongoza sisi.
Akataka theluji.
Mama akamwambia theluji ni ya Desemba.
Akaagiza chumvi, gunia juu ya gunia,
ikamwagwa toka kisimani hadi zizi la Yazep,
kijiji kikawa cheupe huku viazi vinachanua.

Ng'ombe wetu Krasulya akailamba barabara,
akalamba majira ya baridi mpaka udongo ukatokea.
"Kata!" yule mtu akapiga yowe.
Nilikuwa na miaka saba.
Nilidhani anakatwa Krasulya.

Mjomba Tsimokh, dereva wa trekta, walimvika sare ya Kijerumani
kwa sababu ya urefu wake na macho yake ya kijivu.
Rubli tatu kwa siku, na supu.
Jioni ile Bibi Ahapa alimnyima mwanawe uji.
"Kaivue kwanza hiyo ngozi."
Akala supu yao nje, amechuchumaa,
bunduki ya mbao magotini,
kama mbwa aliyeiba yai.

Ng'ambo ya mto wakajenga ghala la mbao nyembamba.
Ingieni, walituambia, lieni, kisha mtokee nyuma.
Kulikuwa na mlango wa nyuma.
Nilitokea humo mara nne,
na kila nilipotoka mama wa chai alinipa kipande cha sukari.
Nikaomba wachome tena.

Waliokufa walilala kwenye chumvi.
Ikisemwa kata, wanainuka, wanajipangusa,
wanaombana kiberiti.
Vita niliyoijua mimi ndiyo hiyo:
mtu anakufa kabla ya chakula cha mchana,
alasiri anacheza karata.

Bibi waliambiwa apige magoti tu, mbele ya ghala.
Akapiga.
Vizuri, akasema mwongozaji, vizuri sana, mama, tunarudia.
Bibi akamtazama
kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.
"Hii hairudiwi."
Akaenda kukama.

Filamu ilirudi kwetu Februari,
jenereta ikikohoa nje ya ukumbi wa shamba la ushirika.
Theluji ilikuwa imefika madirishani. Njiani niliionja.
Haikuwa na ladha yoyote.

Alipotokea Mjomba Tsimokh, ukumbi mzima ulicheka.
Mtu akapiga mluzi. Mjomba akasimama, akapunga kofia.
Kisha yule Tsimokh wa kwenye kitambaa akainama
akasukuma komeo la ghala,
na kicheko kikakatika
kama uzi kwenye jino.

Nikangoja mlango wa nyuma.
Nilijiona ninaingia, shali yangu nyekundu imekuwa nyeusi,
nikangoja kujiona ninatoka.
Moshi. Moshi tena. Mgongo wa Bibi.
Nikasema kwa sauti iliyofika hadi viti vya mbele:
"Mimi nilitoka. Bibi, waambie nilitoka."

Hakujibu. Alichukua mkono wangu gizani
akahesabu vidole, kimoja kimoja,
kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia mezani:
Lukash. Teklya. Prakop.
Mdogo, ambaye hawakuwahi kumbatiza.
Gumba hakuliita jina.
Alilishika tu, akalishika mpaka mwisho.

Taa zilipowaka Mjomba alikuwa bado ameketi,
kofia magotini pale ilipokuwa bunduki.
Watu waliomjua tangu anaota meno
walimpita kwa mbali, wakikanyagana mlangoni.
Bibi akamwendea,
akampangusa begani, ingawa begani hapakuwa na kitu.
"Inuka," akasema. "Uji upo."

Tulirudi watatu, theluji ikilia chini ya viatu.
Nikauliza kama nyumba yetu ina mlango wa nyuma.
Walitembea hatua nyingi kabla ya kunijibu.
"Ina dirisha," akasema Mjomba.