Barua ya Pili

Mwalimu Shekilindi,
ile barua ya Jumatatu niliiandika mimi,
kwa kalamu ya Mwantumu, kwenye karatasi
iliyochanwa katikati ya daftari lake la Hisabati.
"Mwanangu ana homa. Nakuomba umvumilie."
Homa haikuwepo, Mwalimu.
Tulikuwa Lushoto.

Juni nzima wanangu walishinda nyumbani Kange
wakihesabu mabasi yanayoingia stendi,
nami kiwandani, saruji kwenye kope.
Likizo yangu ilipotoka, ilitoka Julai,
shule zimefunguliwa wiki mbili tu.
Msimamizi akasema: ichukue sasa, au iuze.
Miaka tisa nimeiuza.
Mwaka wa bati, mwaka wa mlango,
mwaka wa figo za marehemu mama.
Safari hii mke wangu hakusema kitu.
Alitoa masweta ya mtumba, kayanunua lini sijui,
akayakunja juu ya meza, moja moja,
akaenda zake kuteka maji.

Sitakusimulia sana.
Baada ya Mombo barabara ilianza kujikunja;
Mwantumu akazihesabu kona mpaka themanini na mbili,
akatapika,
akaendelea na themanini na tatu.
Asubuhi Kombo alisimama mlangoni kwa wenyeji wetu,
akapumua,
akapiga kelele: "Baba, natoa moshi! Kama kiwanda chako!"
Nikacheka mpaka nikakohoa,
na kikohozi changu, majirani wanakijua,
kikianza hakina kwaheri.

Siku ya tatu tumekaa kando ya njia, tunakula mahindi ya kuchoma,
kengele ikalia bondeni.
Si yenu. Ya shule ya huko.
Mwantumu akasimama wima, hindi mkononi,
kama aliyeitwa jina.
Watoto wakapita mbio, soksi zimelowa umande,
mmoja kabeba fagio, mmoja kidumu cha maji,
wakamtazama tu, hawakumcheka.
Akajificha nyuma ya khanga ya mama yake
mpaka njia ikawa kimya.
Hindi lile hakulimaliza.

Tukarudi. Nasikia ulimuuliza, "Umepona?"
Naye akakujibu, "Nimepona, Mwalimu."
Usiku alikuja kitandani kwangu, akaninong'oneza:
"Baba, ile homa ilikuwa ya siku ngapi?
Nisije nikakosea."

Hapo ndipo nilipoiona bei.
Nauli nilishaipigia hesabu, na chakula,
na magodoro mawili ya kukodi.
Hiyo sikuipigia.

Hii ninaiandika kwa kalamu yangu mwenyewe.
Kwa Lushoto siombi radhi.
Nikiambiwa kesho panda basi, nitapanda,
na Kombo atapumua, nami nitakohoa.
Radhi naomba kwa homa.

Kwenye rejesta, kama wino unafutika,
ifute hiyo M ya mgonjwa.
Andika mtoro, na kama kuna nafasi pembeni
andika kwamba mtoro ni baba.
Jaribio la sehemu alilolikosa, mpe. Usimpunguzie.
Karoti hizi sita, na majani yake, alizichagua yeye
kwa bibi mmoja pale Soni, alisema ni zako.
Si hongo.
Mbili zimeshaanza kulegea.

Mbaruku Kibwana,
mzazi.