Kazi Nyepesi

Alhamisi, saa sita na nusu, ukumbi wa ghorofa ya pili,
sandwichi za bata mzinga chini ya nailoni,
na sisi kumi na wanne, makoti meupe, matumbo matupu,
tumeitwa kufundishwa kuandika barua.

Barua! Mimi, mwaka wa kumi na tisa kazini,
niliyepokea nusu ya watoto wa mji huu wa Arkansas,
nilikunja mikono, nikatazama saa.

Mwalimu hakuwa daktari. Odalys Pruitt,
mkunga aliyeiacha wodi akaenda kusomea sheria,
miwani kwenye mkufu, sauti ya mtu anayehesabu chenji.
Akabandika karatasi ukutani, jina limezibwa kwa wino:
"Mgonjwa ni mjamzito. Apewe kazi nyepesi."
Sahihi nayo imezibwa, ila mkia wa herufi ya mwisho
umechomoza, umepinda kama ndoano.
Mkia huo nauchora kila siku.

"Kosa li wapi?"
Mmoja akasema tarehe. Mwingine, mhuri.
Mimi mkate ulikuwa umenikwama.

"Meneja," akasema, "husoma hivi:
kazi nyepesi hatuna, basi nenda nyumbani.
Mshahara ukome. Bima nayo ifuate.
Daktari amemtetea mpaka nje ya geti."

Hertina Jibas. Sikuhitaji kuona jina.
Wiki ya ishirini na mbili, alikuja na buti za mpira,
mzaliwa wa visiwa vya Marshall, mkata mapaja ya kuku,
kuku baada ya kuku baada ya kuku,
baridi ya nyuzi nne, choo kwa ruhusa.
Aliniambia: kiuno. Aliniambia: kizunguzungu.
Nikamuuliza presha, mkojo, mtoto anacheza?
Sikumuuliza: unasimama saa ngapi? Sakafu ikoje?
Maji ya kunywa yako hatua ngapi kutoka kisu chako?
Kuuliza si ujinga;
ujinga ulikuwa wangu, wa kutouliza.
Niliandika maneno mawili, kwa huruma, kwa haraka,
akaikunja barua, akaitia pochini kama hirizi.

Mwezi uliofuata hakuja kliniki.
Nilisema, amehama. Watu hapa huhama.

Kisha tukagawanywa wawili wawili, mmoja awe mgonjwa.
Thackston, mpasuaji, futi sita na kidevu cha jiwe,
akapewa mimba ya wiki thelathini na vyumba kumi na sita vya hoteli.
Tulicheka. Yeye pia alicheka.
Halafu akaishika ile karatasi ya zoezi, akasoma kwa sauti ndogo
ambayo sikujua anayo:
"Nikimwonyesha bosi hii, si ndiyo atajua pa kunishika?"
Hakuna aliyeitafuna sandwichi yake.

Odalys akafuta ubao.
"Anzeni na neno *anaweza*. Anaweza kufanya kazi.
Kisha hesabu: kiti, dakika kumi, kila saa mbili.
Asiinue zaidi ya kilo tisa. Chupa ya maji awe nayo.
Choo asiombe. Mpaka tarehe fulani.
Siri za mwili wake msimpe meneja, hakuziomba, hazimhusu.
Na kabla ya kalamu,
mwulizeni yeye anataka nini. Wengine wanataka kubaki."

Nilimfuata kwenye lifti. "Yule wa barua. Mtoto je?"
Akanitazama, akautazama mkono wangu wa kulia.
"Hilo siruhusiwi kusema."
Milango ikafunga.

Saa nane na robo, mgonjwa wa kwanza: mwoka mikate,
wiki ya kumi na saba, unga kwenye nyusi.
Nikavuta kiti, nikaacha kompyuta ilale.
"Nisimulie siku yako ya kazi, tangu unapofunga kamba za viatu."
Alidhani ninamtega. Akaangalia mlango.
Kisha akaanza, saa tisa ya usiku, magunia, ngazi...

Nesi aligonga mara mbili.
Tulikuwa bado hatujafika saa ya mapumziko.