Mwendo wa Hmingtea

Ijumaa, saa tisa, ukungu umeukwea mlima
ukajilaza kwenye bati la kanisa letu kama paka.
Huku Mizoram hata jua huja kwa kupanda ngazi.
Nina watoto tisa na ngoma moja.
Mpigaji ni Biakliana, muuza misumari na rangi,
na leo ana haraka: timu yake inacheza saa kumi.
Basi wimbo wa Mchungaji Mwema anaupiga
kana kwamba kondoo wanafukuzwa na mbwa.

Nasema, simama.
Wekeni kiganja hapa, kifuani, kushoto kidogo.
Nani anapiga humo ndani?
"Panya," anasema Ngaihi.
Sangpuia, mwana wa mwinjilisti, analijua jibu litakiwalo: "Yesu!"
Nacheka, kisha nafikiri: hajakosea sana.
Kabla ya jina, kabla ya nepi ya kwanza,
Mungu aliwaanzishia hesabu gizani
wala hakuwauliza kama mko tayari.

Taratibu, nawaambia, ni bibi anayeshuka na ndoo iliyojaa.
Wastani ni mama anayekwenda sokoni, hadaiwi na mtu.
Haraka ni mvua ya Julai juu ya bati hili.
Na haraka kuliko haraka
ni Dingi akinusa nyama ya nguruwe ikikaushwa kwa moshi.
(Dingi hakatai.)

Kisha tunahesabu, kofi kwa kofi:

*Moja, mbili, tatu, nne, hesabu haina mbio,*
*Ndugu zangu tungojane, tusiache masikio,*
*Aliye nyuma tumwone, Mungu ndiye kimbilio,*
*Wimbo wetu ufanane, uwe mmoja mwitikio.*

Nawatoa nje, kwenye ngazi sitini na mbili
zinazopanda kutoka barabarani.
Kila kidato, neno moja.
Kufikia cha ishirini wimbo umechanika:
kichwa chake kiko juu kinaimba "amina",
mkia uko chini, bado kwenye "Bwana".
Mkiani yuko Hmingtea na chuma chake mguuni.
Klik, tu. Klik, tu.

Nikamkumbuka yule baba wa kale mwenye mifugo
aliyemwambia nduguye, tangulia wewe,
mimi nitakwenda kwa miguu ya watoto.
Nikamkumbuka Bwana, akiitwa kwa mtoto mahututi,
akasimama njiani kwa sababu ya mguso wa upindo.
"Biakliana," nikasema, "fuata chuma."
Akaitazama saa yake. Akafuata.
Klik, tu. Ngoma ikajifunza kuchechemea.
Tukapanda sote, sauti moja, ukungu magotini,
nami tayari naandaa mahubiri kichwani,
machozi yamekaribia, yanasubiri ishara tu.

"Mwalimu," akasema Hmingtea, "mnanichosha."

Nikageuka.

"Mguu wangu ndio wa polepole.
Mdomo wangu si wa polepole."

Akaketi kidato cha juu kabisa, akaunyoosha mguu wa chuma,
akaomba kijiti kwa kidole, bila hata tafadhali.
Akapiga.
Jamani, akapiga! Krismasi mwezi Septemba,
mashavu ya Ngaihi yakawa kama pilipili,
Sangpuia akapoteza maneno na hakujali,
kuku wa mlinzi wakahama uwanja.
Na ni kweli, nikajiambia, sikuliona mapema:
wachungaji wa Bethlehemu nao hawakutembea usiku ule,
walikwenda mbio.
Mimi nilimngoja mguu, yeye alikuwa ameshafika.

Bao la kwanza Biakliana alilisikia kwa jirani, redioni.
Hakuinuka.

Katika daftari la darasa niliandika tarehe,
waliohudhuria tisa, somo: mwendo.
Kwenye "limekamilika" sikutia alama.

Wakashuka. Klik, tu, ngazi sitini na mbili.
Sikumtuma mtu.
Dingi alikuwa chini barabarani, mgongo ametupa,
akiviringisha kijiwe kwa kidole cha mguu,
huku na huku,
kama mtu asiyemngoja yeyote.