Mlango wa Nne

Mimi ni mpima mizani, ghala la korosho, Kitangari.
Kazi yangu ni kilo, si majina.
Majina ana karani, kaja na kompyuta na feni ya mezani,
anaitwa Krispini. Lilitukwama kooni jina lile,
tukalitia irabu mbili, likalainika:
Kirisipini. Hakukasirika. Alicheka.

Alhamisi akafika dirishani Somoe Nnambunga.
"Nnambunga hayumo. Yumo Mnambunga."
"Huyo simjui."
"Ni wewe, mama. Mfumo umesahihisha.
Neno la Kiswahili halianzi kwa n mbili,
ulimi hauna pa kukanyaga."

Foleni ikanyamaza.
Benki nako wameandika Nnambunga
(na benki yenyewe, mnakumbuka,
ilishuka pwani k yake ikiwa uchi
mpaka tulipoivisha i),
na fedha haziendi kwa mwanamke
aliyefungwa midomo na m.

Sikusema kitu. Nilimkumbuka bibi yangu
akimwomba Nnungu, n mbili, midomo wazi,
pua ikivuma kidogo kabla jina halijatoka,
kama anayebisha hodi kwa mkubwa.
Nilipoliandika shuleni, mwalimu
aliifuta n moja kwa kidole chenye mate.
Karatasi ikatoboka.

Somoe hakugomba. Alielekeza kidevu ghalani:
"Magunia yangu yale. Nihesabie."
Karani akachungulia.
"Moja. Mbili. Tatu. N..."

Akakwama hapo, ulimi nyuma ya meno,
pua inavuma.

"Malizia," akasema Somoe. "Umeshaingia."

"Nne," akasema, polepole,
kama aliyeokota sarafu mfukoni mwake mwenyewe.

"Basi na jina langu lipitie hapohapo."

Mfumo ulikataa. Ukakataa tena.
Mara ya tatu sijui aliupitishia wapi;
risiti ilitoka na n zote mbili,
kilo mia tatu na kumi na saba.
Somoe aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi,
akaifunga kwenye pindo la kanga.

Jioni nikifunika mizani kwa turubai
nilimsikia karani, peke yake na feni yake,
akijaribu: Nnambunga. Nnungu. Nkongwe.
Kisha jina lake, upesi, kama alivyobatizwa.
Kisha tena, kama tunavyoliita sisi,
akilisikiliza lilivyo refu.