Mama Anaomba Moyo

Alishuka Nakuru na tabaga mbili za rangi,
moja ndani ya nyingine,
na goti la kushoto lisiloelewana na ngazi.
Tunakaa ghorofa ya nne, Shabab.
Alipumzika mara tatu, na mara ya tatu
akamgeukia binti yangu aliyembebea mkoba:
"Nasra, nipe moyo."

Mtoto akasimama.
Ana miaka sita, na kwake kila neno
lina kazi moja tu.
Akajishika kifua, akanitazama,
kama mtu aliyeombwa jino.

Mimi nilijua.
Moyo, kwa Kinubi, ni maji.
Katika yote niliyoimbiwa, niliyokemewa, niliyobembelezewa
kule Kibos, kwenye harufu ya miwa inayopikwa,
hilo ndilo lililonibakia,
soksi moja kwenye kamba.

Jumanne mfereji ukakauka.
(Mifereji ya kwetu ina kalenda yake.)
Mitungi ya njano ikajipanga jikoni
na mama akafungua shule bila chaki:
kila kikombe na neno lake.
Huna neno, huna kikombe.
"Haboba, naomba maji."
Hasikii.
"Haboba, tafadhali."
Anakunja gurbaba yake, anahesabu maua yaliyomo.
"Mama," mke wangu akasema, Nyaboke,
ambaye Kikisii chake hukitumia kwa simu tu, mlango umefungwa,
"mtoto atakufa kiu kwa ajili ya sarufi."
"Hafi. Mwenye kiu ana kumbukumbu nzuri."

Sikucheka.
Nilikuwa nimerudi Kisumu, mwaka wa kitambulisho,
mbele ya kamati, watu watano na meza moja.
Cheti cha babu? Sina.
Cha baba wa babu? Wakati huo vyeti vilikuwa wapi.
"Basi, kama ni Mnubi, sema kitu."
Nikakiita.
Dholuo cha uwanja wa mpira kikaja mbio,
Kiswahili kikaja, Kiingereza cha mwalimu na fimbo yake kikaja,
vyote vikanizunguka kama mbuzi walioona chumvi,
isipokuwa niliyemwita.
Jasho. Feni. Mtu akakohoa.
"Ana aju moyo," nikasema.
Nataka maji.
Wanne wakacheka. Wa tano, mwandishi wao,
akasukuma glasi yake hadi upande wangu wa meza,
nami nikanywa yote, sikujua la kufanya jingine.
Kitambulisho kilitoka baada ya miezi minane.
Mama sijawahi kumwambia.

Alhamisi, Nasra alikuwa na maneno kumi na moja
na midomo mikavu kidogo.
Akauliza lile nililolingojea:
"Sasa kama moyo ni maji,
huu wangu unaodunda unaitwaje?"
Mama akafumbua kinywa, akakifumba.
Akanitazama, akiwa na kijiko mkononi,
na mimi nikatazama gurusa iliyokuwa ikiungua kwenye kikaango.
"Hilo," akasema, "nitakupa maji yakirudi."

Yalirudi saa tisa usiku wa Ijumaa
kwa mkoromo, kisha kutu, kisha kwa nguvu zote.
Nyumba nzima ikaamka: ndoo, sufuria,
hata chupa ya maziwa ya mtoto wa jirani.
Nikiwa koridoni na mtungi begani
nikawaona wawili hao chini ya mfereji, wamelowa,
mama amemwinamia, mdomo sikioni.
Amesema.
Nasra amerudia. Mara mbili, kwa sauti.
Lakini maji yalikuwa yakipiga kelele ndani ya plastiki
na sikulipata.

Nikaweka mtungi chini.
Nikachukua kikombe, nikawasogelea,
mwanamume wa miaka thelathini na tisa, miguu mitupu.
"Nasra, ulisemaje?"
Akakizuia kikombe changu kwa kiganja,
ametabasamu, pengo mbele:
"Kwanza omba."